Jibu: Ripoti ya awali haisemi chanzo cha ajali ya kaka yangu

Pole sana, dada. Nimekusoma: kaka yako alifariki akijifunza kurusha helikopta, ripoti ya awali imetaja mabaki na hali ya hewa, chanzo hakimo, nawe unahofia kuna kinachofichwa.

Mimi ni fundi wa ndege hapa Kisumu. Ripoti ya awali hutakiwa ndani ya siku 30 na hueleza kilichoonekana tu. Ya mwisho hulengwa kabla ya miezi 12; ikichelewa, wachunguzi watoe taarifa kila ajali inapotimiza mwaka.

Kwanza tazama walikuwa kwenye zoezi gani. Kama ni kutua bila nguvu ya injini, fuatilia kasi ya rafadha, yaani mapanga makubwa ya juu yanayoinua helikopta. Kwa helikopta nyepesi kama Robinson R22, injini ikikata, rubani ana kama sekunde moja tu kushusha wenzo wa mkono wa kushoto. Akichelewa, rafadha inapoteza kasi na hairudi.

Niliwahi kusaidia kukusanya mabaki. Mchunguzi alishika balbu ya taa ya onyo, ndogo kuliko punje ya mahindi, akaikagua kwa kioo cha kukuzia. Waya wa balbu iliyokuwa ikiwaka huvutika kwa kishindo. Iliyozimika hukatika tu. Balbu moja, karibu saa nzima! Kwa hiyo kimya si lazima kiwe njama.

Waandikie Idara ya Uchunguzi wa Ajali za Ndege, utaje namba ya usajili ya helikopta, ile inayoanza na 5Y, alama ya ndege za Kenya. Wao hawatafuti wa kulaumiwa. Mambo ya fidia yanamhitaji wakili, hapo mimi si mtu wa kukushauri.