Q inakufia mkononi? Anza na herufi ya tatu

Dada, umesema kila mkicheza Scrabble, ule mchezo wa kuunda maneno kwa vigae vya herufi, Q inakubakia mkononi, na unataka orodha ya maneno ya herufi tano yanayoanza nayo. Orodha utaisahau kesho kutwa. Shika umbo la neno.

Karibu kila neno la namna hiyo huanza na QU, kisha irabu. Kwa hiyo herufi tatu za mwanzo unazo tayari, kazi yako ni mbili za mwisho tu. QUA ndiyo tajiri: quack, quail, quake, quart. QUE hukupa queen, query, quest, halafu queue, ambalo linakula U mbili (mimi silipendi, ni ubadhirifu). QUI ina quick, quilt, quirk, pamoja na quiet na quite, ambayo ni herufi zilezile zilizobadilishana nafasi. QUO ni chache, kumbuka quota na quote.

Shida ni kwamba seti ya Kiingereza ina U nne tu, na Q yenye pointi 10 ikikubakia mwishoni unakatwa hizo 10. Usipokuwa na U, jaribu qanat (mfereji wa maji wa chini ya ardhi), au qadis. Hilo la pili halitakutoka: qadi ni kadhi wetu yuleyule, Waingereza nao wamelichukua kutoka Kiarabu.

Ukibanwa kabisa, weka qi (nguvu ya uhai, kwa Wachina). Herufi mbili tu, lakini kwenye mraba wa kuzidisha herufi mara tatu hakuna atakayecheka.