Usiipe fizikia kazi ya kuisimamisha imani yako

Nasomesha fizikia kidato cha tano na sita, na tangu ujana wangu ni mtu wa uradi. Baada ya swala ya Alfajiri navuta tasbihi, kisha kukipambazuka naenda kusimama ubaoni kueleza elektroni, zile chembe ndogo zilizomo ndani ya atomu. Ndiyo maana kuna swali moja halinipiti. Wanafunzi wananiuliza, wazazi wao wananiuliza, hata wenzangu msikitini: sayansi ya leo si imeshafika pale walipofika mawalii zamani? Jibu langu ni refu kidogo. Naomba ulisome lote kabla hujasambaza ujumbe mwingine wa WhatsApp unaosema wanasayansi wamethibitisha roho.

Kufanana kupo, sikatai. Kila sekunde, nutrino zipatazo bilioni 60, chembe ndogo mno zisizo na chaji, kutoka kwenye jua hupita katika kila sentimita ya mraba ya mwili wako, na wewe huhisi chochote. Usiku hukujia kutoka chini, zikiwa zimeshaipenya dunia nzima. Kwa hesabu za wanaastronomia wa sasa, nyota zote, bahari na miili yetu ni kama asilimia 5 tu ya vilivyomo ulimwenguni. Sehemu iliyobaki wameiita maada ya giza na nishati ya giza, na hakuna aliyewahi kuishika. Mtu aliyelelewa kuamini ghaibu akiyasikia haya moyo wake hufurahi, na wangu hufurahi pia. Ila nutrino si malaika. Huko Kamioka, Japani, ndani ya mlima, kuna tangi la maji tani 50,000 lililojengwa ili kuzinasa chache zinazogongana na maji, na wanazihesabu. Kinachonaswa na tangi kikahesabiwa si ile ghaibu tuliyofundishwa kuiamini. Tukivichanganya hivi viwili, siku wanasayansi watakapoishika maada ya giza mkononi tutasema nini?

Linalotumika vibaya kuliko yote ni jaribio la mianya miwili. Unarusha elektroni mojamoja kuelekea kizuizi chenye mianya miwili myembamba. Kila elektroni ikifika kwenye skrini huacha nukta moja, kama inavyostahili chembe. Acha nukta zilundikane kwa maelfu, utaona zimejipanga mistari mistari, jambo ambalo hufanywa na mawimbi. Mwaka 1989 Akira Tonomura na wenzake walilionyesha hili Japani kwa kifaa kinachofanya kazi ya mianya hiyo, elektroni moja baada ya nyingine, na picha zao nawaonyesha wanafunzi kila mwaka. Darasa huwa kimya kabisa. Sasa weka chombo cha kugundua kila elektroni imepita mwanya upi, na mistari inapotea.

Hapo ndipo wanapoingia wale wanaosema kwamba akili yako ndiyo inayoumba ulimwengu, basi fikiria utajiri na utajiri utakuja. Hapana. Funga chumba, toka nje, mwache mlinzi naye akalale, na chombo kikiwa kimewashwa mistari itapotea vilevile. Inapotea kwa sababu elektroni imegusana na kitu kilichobaki na alama ya njia yake. Wanafizikia bado wanabishana kuhusu undani wa jambo hili, na mabishano hayo ni ya heshima, ila katika hesabu tunazozitumia maabara hakuna pahali pa kuandika nia ya mpimaji. Kwa hiyo ukikutana na zile mashine zinazotembezwa mijini, unashika fimbo ya chuma, kompyuta inatoa orodha ya magonjwa yako yote, na juu ya karatasi pameandikwa kwanta, neno la fizikia ya chembe ndogo, usinunue dawa kwa karatasi hiyo. Nenda hospitali ukapime damu.

Mama yangu alipofariki, ndugu mmoja aliyesoma alinifariji kwa kuniambia kwamba nishati haipotei, hugeuka tu, kwa hiyo mama bado yupo. Nilimshukuru kwa huruma yake. Lakini kanuni ile naisomesha, naijua inasema nini. Inasema jumla ya nishati haibadiliki. Joto la mwili wa marehemu huenda kwenye hewa na kwenye udongo, jumla ikabaki ileile, na ndani ya jumla hiyo hakuna sauti ya mama wala jina lake. Kilichonishikilia siku zile ni khitma, ni dua, ni watu waliokuja kukaa mkekani bila kusema mengi, na lile neno kwamba sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Ukienda msibani nenda na hilo. Mfiwa hahitaji kanuni ya nishati, na wewe huna haja ya kuiazima fizikia ili useme jambo ambalo dini yako imelisema waziwazi.

Aliyenifundisha adabu hii zaidi ni padri. Georges Lemaître, Mbelgiji, alichapisha mwaka 1927 hesabu zinazoonyesha kwamba ulimwengu unatanuka, na mwaka 1931 akapendekeza kwamba ulianza katika kile alichokiita atomu ya mwanzo. Mwezi Novemba 1951 Papa Pius XII akawahutubia wanazuoni wa akademia yake ya sayansi, akaipokea sayansi hiyo ya mwanzo wa ulimwengu kama ushahidi unaounga mkono habari ya uumbaji. Mtu angetegemea padri huyu ashangilie: nadharia yake imepata kibali cha Papa mwenyewe! Hakupendezwa. Yeye alishikilia kwamba nadharia yake iko nje ya maswali ya dini, na kwamba asiyeamini na anayeamini wote wako huru kuitumia. Mwaka uliofuata Papa alizungumza na wanaastronomia waliokutana Roma, na dai lile hakulirudia.

Fikiria hatari aliyoiona. Wakati ule ushindani ulikuwa haujaisha. Mwanaastronomia Fred Hoyle na wenzake Uingereza walikuwa na nadharia ya ulimwengu usio na mwanzo, na mionzi hafifu iliyobaki tangu mwanzo wa ulimwengu, iliyoipa nguvu kubwa hoja ya Lemaître, ilitangazwa mwaka 1965 tu. Kama mizani ingeelemea upande wa pili, waumini waliojengea imani yao juu ya hesabu zile wangebaki na nini? Padri alikuwa na uhakika na Mungu wake, na kwa sababu hiyo hakuwa na haraka ya kumtafutia mashahidi.

Mwanafizikia Abdus Salam wa Pakistani ni mfano wa pili. (Yeye alikuwa wa jamaa ya Ahmadiya, na mabishano kuhusu jamaa hiyo nayajua, hapa nazungumzia kazi yake.) Salam na Steven Weinberg wa Marekani, kila mmoja kwa njia yake, walifikia nadharia ileile inayounganisha nguvu ya usumakuumeme na nguvu dhaifu ya kiini cha atomu, na pamoja na Sheldon Glashow wakapewa Nobeli ya fizikia mwaka 1979. Mwaka 1983 chembe ambazo nadharia hiyo ilizitabiri, W na Z, zilipatikana CERN, maabara kubwa ya fizikia ya chembe huko Ulaya. Salam alikuwa mtu wa Qur'ani. Weinberg hakuamini Mungu, wala hakuficha. Mlinganyo ni uleule. Katika karamu ya Nobeli Salam alizikumbuka aya za Suratul-Mulk zinazotuambia turudishe macho tutazame tena, tuone kama kuna kasoro yoyote katika uumbaji. Mimi imani yake naiona hapo, na naiona zaidi katika kituo cha fizikia alichokianzisha Trieste, Italia, mwaka 1964, ili wanasayansi wa nchi maskini wapate pa kusomea na pa kukutana. Waafrika wengi wamepita pale.

Basi kufanana kwa kweli kuko wapi? Kwa uzoefu wangu kuko ndani ya mtu anayetafuta. Mwaka 1927 mwanafizikia Niels Bohr wa Denmark alieleza kwamba wimbi na chembe ni maelezo mawili ambayo huwezi kuyatumia kwa pamoja katika jaribio moja, na huwezi kuliacha hata moja. Mtu wa uradi ameishi na jambo la namna hiyo siku zote. Surat Qaf inamwambia kwamba Mwenyezi Mungu yuko karibu naye kuliko mshipa wa shingo yake. Suratush-Shura inamwambia kwamba hakuna chochote mfano wake. Ukishika moja ukaliacha la pili unapotea. Sisemi kwamba elektroni inafundisha tauhidi. Nasema kwamba uvumilivu wa kukaa na mambo mawili ya kweli bila kulivunja moja wapo, nilioupata katika dhikri, umenisaidia sana darasani, na darasa nalo limeninyoosha: limenizoesha kutosema najua wakati nahisi tu.

Ninavyofanya mimi, na ndivyo ninavyoshauri, ni kuvipa kila kimoja wakati wake. Ninapokuwa katika dhikri, wazo la kisayansi likija, hata liwe zuri namna gani, naliacha lipite. Ninapokokotoa, nakokotoa mpaka mwisho. Subhanallah naisema jibu likishapatikana, siitumii kuruka hatua nisiyoielewa. Na soma fizikia yenyewe mpaka ikuchoshe, pamoja na hesabu zake, kwa sababu video za dakika tatu hukupa mshangao bila kukupa ujuzi.

Kwa wazazi na maustadhi na wachungaji nina ombi. Kijana akija amefadhaika kwamba amesoma kuhusu mwanzo wa ulimwengu na sasa haoni pa kumweka Mungu, usimnyamazishe, na usimkimbizie aya ya kuipiga nadharia. Mwache aeleze alichosoma. Kisha umuulize anakula na nani, analala wapi, mara ya mwisho aliswali jamaa lini. Wengi niliokaa nao kilichowatikisa hakikuwa kitabu cha fizikia. Wamekuwa bwenini muda mrefu, mbali na watu wao, wameacha ibada kidogo kidogo, na hakuna aliyeona. Huyo mtafutie watu wa kukaa nao kwanza, na habari za nyota mtazizungumza baadaye bila wasiwasi.