Ukitaka kuzama kwenye muziki wa Indonesia usianze kama mimi

Mi ugonjwa huu ulinianza 2020, bando la usiku limebaki kidogo nikasema nilimalizie YouTube, ikanitupia mzee mmoja nywele ndefu, kichwani kavaa blangkon, ile kofia ya kitambaa ya Wajava, watu wa kisiwa cha Java huko Indonesia, anaimba taratibu na mbele yake vijana wanalia. Wanalia kweli yaani. Ndo nikamjua Didi Kempot. Jamaa alianzia kuimba kando ya barabara, hilo Kempot lenyewe ni kifupi cha jina la kundi lao la waimba barabarani, kaimba miaka kibao, halafu 2019 madogo wa mitandaoni wakamuibua upya wakajiita Sobat Ambyar, yaani marafiki waliosambaratika. Mei 5, 2020 akafariki, mi ndo kwanza nimenogewa.

Nikachukua daftari nikawa nanakili maneno ya nyimbo zake, miezi miwili, ora ni hapana, kowe ni wewe, najiona Kiindonesia kinakaribia kuiva. Nikapata mshkaji wa Bandung kwenye programu ya kubadilishana lugha nikamtumia sentensi tatu za nguvu. Akajibu wkwkwk, ndo wanavyocheka kule wakichati, eti hicho ni Kijava, yeye Msunda, kabila lingine lenye lugha yake, hakijui. Miezi miwili!

Kwa hiyo kabla hujakariri chochote ulizia kwanza kimeimbwa kwa lugha gani, ile nchi ina lugha zaidi ya 700. Ukitaka Kiindonesia chenyewe nenda dangdut ya zamani, ule muziki wao wa kucheza unaopendwa sana, msikilize mwimbaji Rhoma Irama, na kama umekulia sinema za Kihindi hutojiona mgeni maana mapigo yake mengi yametoka hukohuko, hata jina dangdut ni mlio wa ngoma tu.

Maneno mengine tunayo tayari, Mwarabu katugawia wote: dunia ni dunia, wakati waktu, riziki rezeki. Ila hapo hapo ndo pa kuumbukia. Nilimkomentia mwimbaji mmoja "dada bagus", bagus ni nzuri, nikijua namwambia dada uko vizuri. Kumbe dada kwao ni kifua. Aisee nilifuta mkono unatetemeka. Siku hizi naandika kak, inafaa kwa mwanamke na mwanaume, yaishe.

Na video za studio achana nazo, tafuta za jukwaani, za harusi huko Java Mashariki, dangdut koplo inapigwa mbio mbio, watu wanapanda na noti wanamtunza mwimbaji kama kwenye taarab kabisa. Wanaita nyawer, na sasa hivi hata ukimtumia mtu hela akiwa laivu mtandaoni wanaita hivyohivyo.

Yule mshkaji wa Bandung tunachati mpaka leo, ila ananiita mas, kaka kwa Kijava, makusudi.