Si umbea kumjua anayekushauri kuhusu afya

Dada, umeuliza kama ni umbea kutaka kujua maisha na misimamo ya yule mwalimu wa lishe mnayemfuata hapo Moshi. Si umbea hata kidogo, ila chagua ya kuuliza. Ndoa yake mwachie mwenyewe. Muulize amesomea wapi, na je, anauza kile anachokisifia? Akijiita daktari, lazima awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Na mtu anayekukataza mtori leo, kesho anakuletea unga wake wa kopo ununue, huyo maneno yake yapime pamoja na biashara yake.

Ila kumjua mtu vizuri hakuthibitishi kwamba dawa yake inaponya. Sisi wa Arusha mwaka 2011 tuliyaona magari yakielekea Samunge, Loliondo, kwenye kikombe cha dawa ya mitishamba cha Babu Ambilikile Mwasapile, cha shilingi 500. Maisha yake yalijulikana: mchungaji mstaafu wa Kilutheri, na alisema waziwazi kwamba dawa ile ameoteshwa na Mungu. Hakuificha imani yake. Hata hivyo wapo walioacha ARV, dawa za kufubaza VVU, wakiamini wameshapona, na hilo linaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo endelea kumsikiliza, tena muulize maswali mbele za watu, mwenye nia njema hatakasirika. Lakini umesema mama anatumia dawa za presha: asipunguze hata kidonge kimoja kabla hajaongea na daktari wake wa kliniki.