Bodi za saketi zinapobanduka kwenye mbao: angalia ubao kabla ya kulaumu gundi

Ndugu yangu, umeuliza ni gundi gani itakayozuia bodi za kompyuta zisibanduke kwenye pambo lako la ukutani la mbao za paleti, iwapo upulizie rangi ya dhahabu, na kama pambo hilo linafaa chumbani kwa watoto. Nitajibu kwa jinsi ninavyoifanya kazi hii hapa Dar es Salaam.

Gundi yako huenda haina kosa lolote. Ubao hunyonya unyevu wa hewa na kutanuka kwa upana wake, kisha husinyaa hewa ikikauka, ilhali bodi ya saketi, ambayo ni nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa epoksi (gundi ya kuchanganya inayokauka ikawa ngumu), karibu haibadiliki. Ukibandika bodi pana juu ya mbao mbili tatu zilizopangwa pamoja, masika yakiingia kila ubao unavuta kwake, na gundi iliyokwisha kuwa ngumu huanza kuachia pembeni. Ndiyo maana bodi kubwa mimi huzifunga kwa skrubu. Bodi mama ya kompyuta ya mezani ina matundu yake tayari, kila moja likiwa na duara linalong'aa pembezoni. Tundu la katikati nalikaza sawasawa. Mengine nayapanua kidogo kwa tupa ya mviringo kufuata upana wa ubao, naweka washa (kipete bapa cha chuma) chini ya kichwa cha skrubu, kisha nakaza kiasi cha kushika tu, ubao upate nafasi ya kucheza. Unapopiga tupa, lowesha bodi na uvae barakoa, kwa sababu vumbi lile ni kioo. Epoksi naiachia vitu vidogo kama chipu, vibonyezo vya kibodi na koili za shaba.

Ubao wenyewe nao una la kusema. Kwenye paleti tafuta alama iliyochomwa ubavuni: HT maana yake mbao zilipashwa moto hadi kiini kikafika nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30, nazo hazina shida, MB maana yake zilifukizwa kwa methili bromidi, gesi yenye sumu ya kuua wadudu, na hizo usizilete nyumbani. Lakini ukipata vipande vya mninga kwa seremala, ambavyo mara nyingi huishia jikoni kuwa kuni, achana na paleti kabisa, kwani mninga husinyaa kidogo mno na rangi yake hupendeza kando ya kijani cha bodi. Kwa sababu hiyohiyo nisingepulizia dhahabu: rangi itafunika njia za shaba, ile mistari myembamba iliyochorwa kwenye bodi, na njia hizo ndizo pambo lenyewe.

Kuhusu watoto, jibu langu ni hapana, angalau mahali wanapofika kwa mkono. Lehemu ya zamani, ile inayoshikilia vipande kwenye bodi, ina bati asilimia 63 na risasi, metali yenye sumu, asilimia 37. Umoja wa Ulaya uliizuia risasi katika vifaa vingi kuanzia 2006, ila kwa macho huwezi kutofautisha bodi ya kabla na ya baada. Paka vanishi isiyo na rangi, mbele na nyuma, na unawe mikono kabla ya kula. Usichome bodi motoni ili kung'oa vipande, kama wafanyavyo baadhi ya wauza skrepa, maana moshi wake ni sumu. Betri za simu zilizovimba usiziguse kwa bisibisi, na televisheni za chogo mwachie fundi: bomba lake la kioo lina risasi na linaweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa.

Mwisho, mninga ni mzito. Kwenye ukuta wa tofali za saruji toboa matundu mawili ya milimita 8, tia fisha (vibomba vya plastiki vya kushika skrubu ukutani), na uning'inize kwa skrubu mbili. Msumari mmoja wa saruji hautoshi.