Dar mpaka Livingstone kwa pikipiki: hizo siku 4 zako mkuu hazitoshi, nakwambia kwa nini

Mkuu nimelisoma swali lako mara mbili. Unasema una Boxer 150, una likizo, umepiga hesabu Dar mpaka Livingstone kule Zambia ni kama kilomita 2,400, ukila 600 kwa siku ndani ya siku 4 umefika, halafu chini kabisa ndo unauliza "hivi nitaifurahia safari au nitachoka tu?" Jibu fupi ni utachoka tu. Jibu refu ndo hili, vuta kiti.

Hiyo ratiba yako mimi nimeshaitumia. Oktoba 2019, pikipiki mbili, mimi na jamaa yangu mmoja wa Tabata, tulitoka saa kumi usiku ili tuwahi kuivuka Kibaha kabla ya foleni. Na kosa letu la kwanza wala halikuwa barabarani, lilikuwa kwenye simu. Tulifungua grupu la WhatsApp, watu kama arobaini hivi, wengine walikuwa wametuchangia hela ya mafuta kabisa, kwa hiyo kila jioni wanasubiri ripoti. "Leo mmekula ngapi?" Yaani kilomita. Siku ya kwanza tulipata pancha mbili tukalala Ruaha Mbuyuni, tumekula 380 tu, mtu akaandika "hiyo sio safari, hayo ni matembezi". Aisee hiyo sentensi ilitukaa kichwani. Kesho yake tukakaza mpaka Tunduma, tunaingia saa nne usiku, viganja vimekufa ganzi kwa ule mtetemo siwezi hata kufungua zipu ya koti, na ile barabara usiku na semitrela zile simshauri mtu. Tukaandika 560, grupu zima makofi na moto. Nililala na mabuti.

Sasa ukiniuliza leo nakumbuka nini kwenye ile safari, nakumbuka matairi ya nyuma ya malori. Kitonga nimepanda sikuiona, maana unapanda huku unawaza utaipita saa ngapi hiyo semitrela inayotambaa mbele yako. Mikumi nakumbuka tochi za trafiki na lile bango la faini za kugonga wanyama, mnyama mwenyewe sikumwona hata mmoja. Zambia nzima naikumbuka kama msitu mmoja mrefu.

Halafu tukafika Livingstone, kwenye maporomoko ya Victoria. Wadau wanaojua mto Zambezi hapa washaanza kucheka, maana Oktoba upande wa Zambia maji yanakuwa yamekauka karibu yote. Mosi-oa-Tunya, moshi unaonguruma, siku ile moshi hakuna na ngurumo hakuna, tumelipa kiingilio tumesimama pale na helmeti mkononi tunaangalia jiwe. Zuri, refu, zaidi ya mita 100 kwenda chini, lakini ni jiwe. Tukatafuta kona ambayo kale kamkondo ka upande wa pili, wa Zimbabwe, kanaonekana, tukapiga picha, tukatuma kwenye grupu, kesho yake asubuhi tukageuza. Jamaa yangu mpaka leo ukimtajia safari ya pikipiki anabadilisha mada.

Nikarudia mwenyewe Mei 2023. Pikipiki ile ile. Kwenda tu nilitumia siku 11.

Kitu kikubwa nilichobadilisha ni kimoja, saa tisa alasiri pikipiki inazimwa. Popote nilipo, mji wa kwanza ninaoukuta kuanzia saa nane natafuta gesti, basi. Unaweza kuona ni kitu kidogo lakini jaribu uone inavyokuwa. Ukifika saa tisa jua lipo, unaona chumba unachopewa kabla hujalipa, dada wa mapokezi hana haraka na wewe huna haraka kwa hiyo bei inaongeleka, unaoga, unapaka cheni oili ikiwa bado ina moto ndo inaingia vizuri, halafu una masaa matatu ya kuzunguka kabla giza halijaingia. Na hayo masaa matatu ndo watu nao wametoka kazini wamekaa nje. Mgeni anayefika saa nne usiku anapewa ufunguo na maji ya kwenye ndoo, hakuna anayemuuliza ametoka wapi.

Grupu sikufungua. Mke wangu nilikuwa namtumia meseji moja jioni, nipo mahali fulani, nimekula, nalala. Na kile kipimo cha kilomita kwenye dashbodi nilikibandika selotepu nyeusi, nikawa natazama geji ya mafuta tu. Najua wapo watakaosema ni utoto, sawa, lakini nilikuwa najijua.

Nikupe mifano sasa maana maneno matupu hayakusaidii. Iringa siku zote naipita kwa chini pale Ipogolo, nyuma mara tatu nzima nimepita sijawahi hata kupandisha mjini. Safari hii nimelala siku mbili. Nikaenda Kalenga, ni mwendo mdogo tu toka mjini, kwenye makumbusho yenye fuvu la Mkwawa, lile lililorudishwa toka Ujerumani 1954. Nimelisoma shule ya msingi mpaka nimelikariri kwa mtihani, lakini kusimama mbele yake ni kitu kingine, ni dogo kuliko nilivyokuwa nadhani, na chumba kimetulia kiasi kwamba nikajikuta nakanyaga polepole. Ukitoka Iringa mbele kidogo kwenye barabara ya Mbeya kuna Isimila, zile nguzo za udongo na zana za mawe, nayo nilikuwa napita kibao chake kila mara kwa spidi ya 80.

Ukishaipita Mbeya kuna kimondo cha Mbozi, usije ukakiacha. Ni chuma kimetoka angani, zaidi ya tani 10, kimekaa tu pale kilimani. Nilikigonga na ufunguo wa pikipiki kikalia kama nyundo ya gereji. Watoto wawili waliokuwa pale wakanicheka, nadhani kila mgeni anafanya hivyo hivyo.

Makambako, kabla hujafika Mbeya, baridi. Mei upepo wa pale unakata, vaa hata gazeti kifuani chini ya koti, sitanii.

Tunduma usiingie na mawazo ya kutoka ndani ya nusu saa, foleni ya malori pale ni kilomita kadhaa ingawa pikipiki unajipenyeza pembeni. Ukivuka mpaka upande wa Zambia, Nakonde, saa inarudi nyuma saa nzima, yaani umetoka saa nane unaingia saa saba. Mwaka 2019 hiyo saa tuliitumia kuongeza kilomita 60. Mara hii niliikalia kwenye kibanda cha mama mmoja nakula nshima na kapenta, ambao kwa lugha yetu ni ugali na dagaa, na Kiswahili anaongea vizuri tu maana Wanyamwanga wapo huku na wapo kule, mpaka ni wa serikali. Akanihoji kuliko yule afisa wa uhamiaji. Nina watoto wangapi, kwa nini sikupanda basi, mke wangu anajua?

Sasa nije kwa Mpika, hapa nitakaa kidogo mnivumilie.

Kama kilomita 40 kabla ya Mpika cheni ikachomoka. Nikashuka, nikaangalia, ile klipu ndogo ya kwenye jointi ya cheni haipo, imeruka huko nyuma kwenye lami. Kwenye begi nina plagi, nina tyubu mbili, waya wa klachi, balbu, mpaka sproketi ya mbele ninayo. Klipu ya jointi, kitu cha bei ya pipi, sina. Ile safari ya kwanza ningepiga mti ngumi. Mara hii saa ilikuwa saa tano asubuhi, sina ninayemdai wala anayenidai, nikasogeza pikipiki kwenye kivuli nikakaa.

Kule wachoma mkaa wanabeba magunia kwenye baiskeli, matatu manne mtu anasukuma mlima. Akaja mzee mmoja anasukuma, akasimama, "Mulishani mukwai." Kibemba changu kinaishia hapo hapo, nikamjibu "Bwino mukwai", halafu ulimi ukateleza kwa mazoea nikasema shikamoo mzee. Akanitazama. "Marahaba," akaniambia, "wewe ni wa Mbeya au wa Dar?"

Kumbe alifanya kazi TAZARA miaka mingi. Mpika kuna karakana ya reli na walikuwa wanafanya kazi pamoja na Watanzania, Kiswahili alikiokota humo humo karakanani kwa hiyo kina matusi ya kutosha, kila akitaja spana anaipa na jina lake la pili ambalo siwezi kuliandika hapa. Akashusha magunia, akachomoa waya wa kufungia gunia, ule mwembamba, akaurudisha ule ubapa wa jointi mahali pake, akapitisha waya kwenye vile vijifereji viwili vya pini ambamo klipu inakaa, akausokota kwa koleo langu mpaka ukabana, akakata mkia wake akaulaza kwa ndani usije ukagusa kava. Dakika kumi labda. Akasema nenda 30, usivute mafuta kwa ghafla, ukifika mjini nunua mbili. Hela hakutaka, alichukua sigara mbili, mimi mwenyewe sivuti nilikuwa nazitunza za polisi. Tukakaa kama saa nzima hapo chini ya mti ananihadithia treni la mizigo lililowahi kuwalaza porini, na kwamba reli yote, kilomita 1,860 toka Dar mpaka Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya 1970 na 1975, "nyie sasa hivi kituo kimoja cha basi mnajenga miaka mingapi?" Sikuwa na jibu.

Niliingia Mpika kwa 30 kwa saa, malori yananipigia honi, nimefurahi kama mjinga. Jioni sokoni nikanunua chikanda. Inauzwa imekatwa vipande, ya kahawia, ukiila unaweza kusema ni soseji, kumbe ni viazi vya maua ya porini vinasagwa na karanga. Nikaipenda nikala vipande vitatu. Nilivyorudi nyumbani ndo nikaja kujua kwamba sehemu kubwa ya hivyo viazi inachimbwa kwetu huku, Makete na maeneo ya Kitulo, inavushwa Tunduma kimyakimya, na maua yenyewe yanazidi kuadimika, na Kitulo kufanywa hifadhi ya taifa 2005 ilikuwa kwa ajili ya maua kama hayo. Kwa hiyo sijui niseme nini, ilikuwa tamu.

Toka Mpika kwenda Serenje ni msitu wa miombo tu, masaa na masaa, na hapa nikuambie ukweli, inachosha. Usitegemee kila siku itakuwa na mzee wa mkaa. Ila siku ya pili ya kuchoshwa kichwa kinatulia chenyewe, unaanza kuimba ndani ya helmeti, unakumbuka watu uliosoma nao. Kabla ya Serenje kuna njia inachepuka kwenda Mansa, huko ndani ndo alifia David Livingstone, yule mmisionari mzungu, Mei 1873, na watumishi wake kina Susi na Chuma na wenzao wakaukausha mwili wakaubeba kwa miguu mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Nilisimama pale njiapanda nikapiga hesabu, miezi tisa hivi. Mimi toka kwetu mpaka pale siku nane na makalio yanauma. Na mji tunaokwenda umepewa jina la aliyebebwa.

Kapiri mpaka Lusaka sikuifurahia hata kidogo, malori ya Copperbelt, kule kwenye migodi ya shaba, yanaingilia hapo, upepo wake unakusukuma mpaka ukingoni. Nimeipita nimekunja uso tu mpaka ikaisha. Lusaka vile vile, nimelala usiku mmoja nikasepa.

Maporomoko ya Mei ni habari nyingine, ule moshi niliuona nikiwa bado mbali nikadhani kuna watu wanachoma shamba. Nililowa mpaka soksi. Picha zimeharibika zote kwa maji, ninayo moja tu na humo naonekana kidole.

Kwa hiyo mkuu kama likizo yako ni siku 14 kwenda na kurudi, mimi ningekwambia Livingstone iache mwaka huu, ishia Mpika, geuza. Najua hutaki kusikia hivyo na washkaji ushawaambia Livingstone. Kama lazima ufike basi nenda kwa pikipiki mpaka Mbeya, iache kwa mtu, panda basi.

Mengine ya haraka. Bima kata ile kadi ya njano ya COMESA kabla hujatoka, Zambia inakubalika. Oili mwaga Mbeya, na Lusaka tena. Usiku usiendeshe. Cheti cha homa ya manjano mimi waliniomba, kilikuwa chini kabisa ya begi nikafungua kamba zote mbele ya foleni ya watu, wewe kiweke mfuko wa shati. Na klipu ya jointi ya cheni nunua nne, moja ibandike na selotepu ndani ya helmeti.