Mpe kahawa, alale: niliyoyasikia usiku wa sikukuu

Sikukuu mosi, saa nne kasoro robo usiku, dada yangu kanipigia simu. Hakusalimu. "Mdogo wangu, njoo mara moja. Mtoto kapigwa na jua."

Nikamuuliza: dada, saa nne za usiku, jua gani? Akanyamaza. Hapo nikafahamu.

Nilikuta mlango wa mbele umetiwa komeo, madirisha yamefungwa, televisheni imeachiwa sauti ili majirani wasisikie kitu. Mpwa wangu, miaka 15, kalazwa chali juu ya mkeka chumba cha nyuma, kanzu yake mpya ya Idi imerowa maji mpaka kifuani. Waliomzunguka walikuwa wananong'ona kama wako msibani: mama yake, bibi yake, baba yake ambaye ni shemeji yangu, na ami yake aliyekuja kula biriani akaukuta mkasa. Kila mmoja na dawa yake.

Mie si daktari. Nimesimama kaunta za baa katika hoteli za Nungwi na Kendwa, hapa Unguja, miaka tisa, na kabla ya hapo, huko Pemba, nilianza kunywa tembo la mnazi nikiwa mdogo kuliko mpwa wangu. Sasa huu mwaka wa kumi na moja sigusi kitu. Nayaandika haya kwa sababu karibu kila lililosemwa chumbani mle nilikuwa nimeshalisikia, mengine nimewahi kuyasema kwa mdomo wangu, na mengi ni uongo uliozoeleka.

Bibi alikuwa ameshachemsha kahawa chungu. Kahawa humfanya mlevi awe mlevi aliye macho, basi. Pombe ikishaingia kwenye damu, kazi kubwa ya kuiondoa ni ya ini, na ini haliharakishwi na kahawa, ndimu, maziwa wala supu ya pweza. La mtu mzima husafisha kiasi cha gramu 7 hadi 10 za pombe halisi kwa saa. Bia moja ya nusu lita yenye nguvu ya asilimia 5 ina gramu kama 20, kwa hiyo bia moja tu ni kazi ya saa mbili mpaka tatu. Ndiyo maana pia huu mtindo wa vijana wa kuchanganya pombe na energi ni mbaya: kafeini inaficha usingizi, haipunguzi ulevi. Anayekunywa anajiona mzima, anaongeza.

Maji alimwagiwa na shemeji. Naye kasikia wapi? Kwenye sinema, nafikiri. Pombe hupanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi, joto la mwili likatoka nje. Mlevi anajihisi moto huku anapoa. Ukimmwagia maji unamzidishia. Tulimvua kanzu, tukamkausha, tukamfunika kanga mbili za bibi.

Kisha ami akasema lile ninaloliogopa kuliko yote: "Muacheni alale. Usingizi ndio dawa. Asubuhi atakuwa mzima."

Hapa naomba msomaji tutulie kidogo. Pombe iliyobaki tumboni huendelea kuingia kwenye damu hata baada ya mtu kuacha kunywa. Aliyelala saa tatu anaweza kuwa amelewa zaidi saa nne, na hakunywa tone jingine. Na aliyelewa sana mwili wake husahau kujikinga: kitu kikienda njia siyo, hakohoi. Akitapika akiwa chali, matapishi yanashuka mapafuni naye kimya, hata hajigeuzi. Watu wa nyumbani wanasikia anakoroma, wanasema alhamdulillahi kalala, wanazima taa.

Nikamgeuza ubavu. Goti la juu nikalikunja mbele ili asirudi chali, mkono wa juu nikauweka chini ya shavu, kichwa nikakiinua nyuma kidogo na mdomo ukatazama chini, ili kikitoka kitu kitoke. Nikamwita jina, nikamfinya bega. Akaguna tu. Nikahesabu pumzi kwa saa ya simu. Zikiwa chini ya nane kwa dakika, au zikikatika kwa sekunde kumi, au midomo ikigeuka kibuluu, au ngozi ikawa baridi, au mtu akapata kifafa, au haamki hata akifinywa, hiyo ni hospitali. Huhitaji kuzipata dalili zote, moja inatosha. Wala usimtie kidole kooni atapike, utamsonga. Pumzi za mpwa wangu zilikuwa kumi, mikono baridi, na macho hakufungua nilipomfinya mara ya pili.

"Tukimpeleka, watu watasemaje?" dada akauliza. Si swali la kijinga. Shemeji ndiye anayeswalisha mskiti wa mtaani kwao imamu akisafiri. Alikuwa kasimama mlangoni anautazama ukuta.

Nikamwambia: "Shemeji, aibu tutaishughulikia kesho. Nisaidie miguu."

Tuliazima gari ya jirani, na jirani tukamwambia ukweli, kwa sababu gari lilishaanza kunuka. Njiani nikampigia rafiki wa mtoto. Mwanzo alisema ni "vifuniko viwili tu, mjomba". Nilipomwambia mwenzake haamki, akalia, akasema yote. Walikuwa watatu Mnazi Mmoja, viwanja vya sikukuu. Kichupa cha konyagi cha mililita 200 kikamiminwa kwenye chupa ya energi, wakabishana nani ataweza kukimaliza. Mpwa wangu akaweza. Kwa muda gani? "Dakika ishirini hivi." Tumboni tangu asubuhi ana visheti na kipande cha keki.

Hesabu hii kila mzazi aifanye mara moja maishani mwake. Konyagi ina asilimia 35. Mililita 200 ni mililita 70 za pombe halisi, gramu kama 55. Hiyo ni karibu bia tatu za nusu lita, kwa mtoto wa kilo 45 asiyezoea, kwa dakika ishirini, tumbo karibu tupu. Kwa ini la mtu mzima ni kazi ya saa sita mpaka nane. Pale kaunta nilikuwa nikipima kwa kikombe cha chuma, mgeni anapewa kipimo kimoja na barafu na analipa pesa nyingi. Mtoto hana kikombe. Kichupa kinaingia mfuko wa kanzu, na kwa jicho lake ni kidogo kuliko soda.

Hospitalini dada akaanza tena: kapigwa na jua, labda malaria. Muuguzi akashika karatasi aandike kipimo cha malaria. Nikamkata: "Muuguzi, mtoto kanywa konyagi." Muuguzi hakushtuka hata kidogo, nadhani harufu ilishamwambia. Akauliza matatu tu: kanywa nini, kiasi gani, saa ngapi. Akamtoboa kidole kupima sukari. Ilikuwa imeshuka. Sikujua hili kabla ya usiku ule: ini likishughulika na pombe linashindwa kutengeneza sukari, na mtoto akiba yake ndogo, hasa asipokula. Akatundikiwa dripu. Polisi hakuitwa, sheha hakuitwa. Na kipimo cha malaria tungekingoja dakika ngapi wakati sukari inashuka?

Kwenye benchi nje, watu wakiwa na hofu, maneno mengine yakatoka.

Shemeji, yule yule, akasema labda kosa letu ni kuwakataza mno. Wazungu huwaonjesha watoto wao mezani, wakikua wanakunywa kwa adabu. Nimewahudumia wazungu miaka tisa. Adabu hiyo niliiona kwa baadhi, na wengine tuliwabeba kutoka ufukweni. Australia waliwafuatilia watoto karibu 1,900 kwa miaka sita, tangu wakiwa na miaka kama kumi na mitatu, matokeo yakatoka 2018. Watoto waliopewa na wazazi hawakupata kinga yoyote. Walikuwa wepesi zaidi wa kuitafuta na kwingine, na madhara kwao yalikuwa mengi kuliko kwa wasiopewa.

Ami yeye akatetea tembo. "Sisi tumekua nalo, ni maji ya mnazi tu." Hili linanigusa, basi mnivumilie.

Kijijini kwetu, upande wa Wete, mgema alikuwa akipanda asubuhi na jioni. Kazi yangu ilikuwa kumshikia madumu, na ujira wangu kikombe. Tembo likidondoka kutoka kwenye karara ni tamu, hata mtoto wa chuo cha Kurani utampa bila wasiwasi. Lakini hamira ya asili haisubiri. Inaanza kuila ile sukari tembo likiwa bado kwenye kibuyu juu ya mnazi. La asubuhi likifika jioni limeshakuwa kali, likilala linaweza kufika nguvu ya bia, likikaa siku zaidi linageuka siki. Kwa hiyo ami hakukosea kusema ni maji ya mnazi. Alikosea saa.

Nilikuwa na miaka 14. Cha kwanza kilikuwa kikombe cha tembo tamu, kisha nikawa nachelewa kwa makusudi ili nikute lile la jioni. Hakuna aliyenishawishi, wala sikuwa mtoto muasi. Msahafu nilikuwa nimeshaukhitimu. Nilipopata kazi hotelini nikiwa na miaka 20, tayari mikono ilikuwa ikinitetemeka asubuhi, na nikaichukulia kuwa ni usingizi. Marekani, mwaka 1997, watafiti walitoa hesabu iliyonikaa kichwani nilipoisoma: katika watu walioanza kunywa kabla ya miaka 15, kama 40 kwa kila 100 walifikia kuwa watumwa wa pombe wakati fulani wa maisha yao, walioanza wakiwa na miaka 20 au zaidi, kama 10. Kuanza mapema si sababu pekee, najua. Kuna urithi, kuna shida za nyumbani. Lakini ubongo unaendelea kujengeka mpaka miaka ya ishirini na kitu, na sehemu inayochelewa kukomaa ni ile ya kumwambia mtu "basi, inatosha". Ami aliposema mvulana wa kidato cha tatu ni mtu mzima, nilimjibu hata Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 inamhesabu mtoto mpaka afike 18.

Gongo sitalirefusha. Halina kipimo, na likitiwa au likiingia methanoli, aina ya pombe yenye sumu, linapofua macho na kuua, tena dalili zinaweza kuja kesho yake, wakati mtu anadhani ni uchovu wa jana tu. Mwanzoni mwa 2024 vileo vilipoadimika hapa Unguja, wapo waliofurahi kwamba vijana watatulia. Vijana wa maskani niliowajua mie walianza kuuliza gongo liko wapi.

Limebaki moja, na hili hakulisema mtu yeyote kwa sababu wote wanaliamini: watoto wetu hawanywi. Watoto wa nani? Sisemi tuache kuwaambia ni haramu. Ni haramu, na kwa watoto wengi neno hilo linatosha, alhamdulillahi. Lakini mpwa wangu aya ya tisini ya Suratul Maida ameihifadhi, na usiku ule haikumwambia mililita 200 ni ngapi. Wala haikuwaambia rafiki zake wafanye nini mwenzao anapoanguka. Wao walijua jambo moja tu kwa yakini: wakubwa wasijue. Ndiyo maana walimuweka nyuma ya gari la miwa zaidi ya saa nzima kabla ya kumpakia bodaboda.

Wangu wawili, wa miaka 13 na 16, nimewakalisha nikawaambia haya yote, pamoja na madumu na mikono yangu. Mama yao hakupenda niseme la mikono. Nikawapa na ahadi: ukipiga simu, mwenyewe umekunywa au mwenzako kanywa, nakuja, na njiani sisemi neno. Maswali kesho yake, baada ya chai. Ahadi hii ni ngumu kuitimiza kuliko inavyosikika, kwa hiyo usiitoe kama huiwezi. Na usiku wa sikukuu najua walipo na wanarudi saa ngapi. Iceland walijaribu hivyo kwa nchi nzima, wazazi kukaa na watoto zaidi, saa ya kurudi nyumbani, michezo ya jioni iliyolipiwa. Vijana wa miaka 15 na 16 waliokuwa wakilewa ndani ya mwezi walikuwa 42 kwa kila 100 mwaka 1998, wakafika 5 mwaka 2016. Michezo ya kulipiwa hatuna. Saa ya kurudi ni bure.

Mpwa wangu naye nilimpa ahadi hiyo hiyo, mbele ya baba yake. Shemeji aliinamisha kichwa, hakusema ndiyo wala la.

Sikukuu ya mfunguo tatu, yaani Idi kubwa, saa tatu usiku, simu ikalia. "Mjomba, mie mzima, wallahi sikunywa. Lakini kuna mwenzetu." Nilimuuliza yuko vipi. Akasema pumzi kumi na mbili kwa dakika, akimfinya anafungua macho, na kwamba kamlaza ubavu, kamkunjia goti, kamvulia koti lake la kanzu kamuwekea kichwani. Nikatafuta ufunguo wa gari ya jirani. Shemeji alikuwa kwangu anakunywa chai; kaweka kikombe, kavaa viatu, kaingia kiti cha mbele.